Maji Yasiyofaa Hata Kuchemshwa

Jumamosi ya tarehe 2 Agosti 2014, hapa Toledo, jimbo la Ohio, nilikuwa nimeshabandika sufuria ya chai jikoni jirani aliponipigia simu: msinywe maji ya bomba. Mama, aliyekuwa amekuja kututembelea, akasema ambalo mama yeyote wa kwetu angelisema: "Si uyachemshe tu, mwanangu?" Haikuwezekana. Tangazo la jiji lilionya kwamba ukiyachemsha, sumu inakolea. Nikamwaga chai yote. Ndani ya glasi maji yalikuwa maangavu, hayana hata harufu.

Tulikaa hivyo mpaka Jumatatu, watu zaidi ya 400,000, tukihangaikia maji ya chupa. Sumu ilitoka Ziwa Erie, kwenye utando wa kijani wa bakteria unaotanda juu ya maji wakati wa joto. Chakula chake ni fosforasi: mbolea na samadi zinazosombwa na mvua mashambani hadi Mto Maumee, kisha ziwani. Tulinusurika kwa sababu kuna watu wanaolipwa kuyapima maji hayo.

Ndiyo maana nimekasirika. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza bajeti ya EPA, shirika la serikali la kulinda mazingira, ishuke kutoka takriban dola bilioni 9.1 hadi 4.2. Mifuko ya mikopo nafuu ambayo miji huitegemea kukarabati mitambo ya maji ingekatwa karibu yote. Baraza la Wawakilishi nalo likaandaa muswada wake, wa kupunguza asilimia 23.

Hoja yao ni kwamba kila jimbo lijigharamie. Lakini Mto Maumee unaanzia Fort Wayne, jimbo la Indiana! Mbolea ya mkulima wa kule inaishia kwenye bomba langu, na gavana wa Ohio hana mamlaka juu yake hata chembe. Jambo linalovuka mipaka ya majimbo ni la serikali kuu, na serikali kuu bila fedha itafanya nini?

Mwaka 2017 Ikulu ilitaka kufuta dola milioni 300 za kuyahuisha Maziwa Makuu ya huku, Erie likiwemo. Wabunge wa vyama vyote viwili walikataa, fedha zikabaki. Naomba wakatae tena. Nimeshapiga simu ofisi ya mbunge wetu mara mbili, na mara zote mbili nimewasimulia habari ya ile sufuria.