Bustani ya Harewood na Ufundi wa Kuficha

Ukisimama upande wa kusini wa jumba la Harewood, karibu na mji wa Leeds kaskazini mwa Uingereza, macho yanateremka juu ya nyasi hadi ziwani, kisha yanapanda ng'ambo ya pili mpaka yanapotelea msituni. Huoni ukuta wala uzio, wala kibanda cha mkulima. Mgeni anaweza kuapa kwamba ardhi iliumbwa hivyo. Haikuumbwa hivyo. Ziwa lile la ekari 32 lilikuwa kijito kabla ya kuzuiwa kwa tuta, na miti ilipandwa mahali ambapo ingeziba visivyotakiwa kuonekana. Aliyelipanga eneo hilo ni Lancelot Brown, mtunza bustani aliyepewa jina la utani "Capability" kwa mazoea yake ya kuwaambia matajiri kwamba ardhi yao ina uwezo wa kuwa bora zaidi.

Jumba lenyewe lilianza kujengwa 1759, na mwenyewe, Edwin Lascelles, akahamia 1771. Alikuwa mzaliwa wa Barbados, kisiwa cha Karibi. Baba yake, Henry, alikusanya ushuru wa forodha kisiwani humo, akafanya biashara ya sukari na ya watumwa, akawakopesha wenye mashamba ya miwa. Aliyeshindwa kulipa alinyang'anywa shamba pamoja na watu waliokuwa wakililima. Huko ndiko zilikotoka fedha za kumlipa msanifu John Carr, fedha za Robert Adam aliyepamba vyumba, na za Thomas Chippendale, seremala aliyezaliwa Otley, si mbali na hapo, ambaye hakuwahi kupata kazi kubwa kuliko ile.

Je, mgeni aliyelipa kiingilio ili atembee kando ya ziwa aambiwe habari hizi? Swali hili limewagawa Waingereza. Mwaka 2020 National Trust, shirika linalotunza majumba mengi ya aina hii, lilitoa ripoti iliyotaja majumba na maeneo yake 93 yenye uhusiano na ukoloni au utumwa, na wabunge kadhaa wa chama cha Conservative wakaja juu. Harewood haimo katika orodha hiyo kwa sababu ina wakfu wake, lakini ubishi ni uleule.

Wanaopinga wana hoja nisiyoweza kuipuuza. Wanasema kazi ya mikono ina heshima yake. Seremala wa Yorkshire, jimbo la Harewood, aliyechonga mguu wa kiti hakummiliki mtu, na kibarua aliyechimba udongo wa Brown alikuwa maskini kama baba yake. Kukisoma kila kiti kama hati ya mashtaka ni kuwadhulumu watu hao pia. Wanaongeza kwamba mchoraji Turner alifika hapa kijana akaichora mandhari hii, na uzuri alioukuta upo hadi leo. Ni kweli upo.

Ila wanapodai kwamba historia ya utumwa imeletwa kwa nguvu ndani ya bustani isiyohusika nayo, hapo tunaachana. Bustani ya mtindo wa Brown ni ufundi wa kuficha. Badala ya uzio walichimba handaki liitwalo ha-ha, lisiloonekana ukiwa dirishani, ili ng'ombe wasifike mlangoni na bado waonekane wakila katika nyasi zilezile. Jumba la zamani la Gawthorpe, lililokuwa chini kule karibu na maji, lilibomolewa. Kijiji kikajengwa upya nje ya lango, kwa ramani ya Carr. Kila kilichokumbusha kazi kiliondolewa machoni, na kazi iliyolipia yote ilikuwa mbali zaidi, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo anayemtajia mgeni miwa anamweleza jinsi bustani ilivyotengenezwa.

Tena ukoo huu hauwezi kusemwa ulijitoa mapema. Mwaka 1807, mwaka ambao Bunge lilipiga marufuku biashara ya watumwa, Henry Lascelles wa kizazi cha baadaye aligombea ubunge wa Yorkshire katika uchaguzi mmoja na William Wilberforce, mbunge aliyeongoza vita dhidi ya biashara hiyo, akashindwa. Utumwa wenyewe ulipokomeshwa katika makoloni, ni yeye, sasa Earl (cheo cha kurithi cha kikabaila) wa pili wa Harewood, aliyelipwa fidia ya pauni 26,309 kwa ajili ya watu 1,277. Watu hao hawakupata hata senti. Sisi wa pwani hesabu hii tunaijua: amri ya 1897 ya kukomesha utumwa kule Zanzibar nayo iliwafidia mabwana. Mali za mwisho za ukoo huo Barbados ziliuzwa 1975.

Earl wa sasa, David Lascelles, halikwepi jambo hili, na kwa hilo namheshimu. Ndani ya jumba, lenye picha nyingi za mababu zake, imewekwa pia picha ya Arthur France, mzaliwa wa Nevis na mwasisi wa kanivali ya Wakaribi mjini Leeds. Wapo wanaosema hayo hayatoshi, kwamba picha ukutani si malipo. Nakubaliana nao, ingawa mimi nisingeanzia kwenye malipo. Ningeanzia nje. Karatasi za mashamba ya Karibi zilizokutwa Harewood sasa zinatunzwa katika Chuo Kikuu cha York. Mgeni anayetaka kuzijua lazima azitafute, ilhali ziwa linamkuta lenyewe. Majina ya wale waliotumikishwa katika mashamba hayo yaandikwe pale juu, mahali kila mtu anaposimama kupiga picha, ili atakayeyatazama maji ayasome kwanza.