Kisu kikuukuu chenye mpini wa mfupa: kitumike au kitunzwe?

Kisu cha kukunja cha zamani, bapa limeshika kutu na mpini wake wa mfupa umegeuka rangi ya asali, huwagawa wapenzi wa visu pande mbili. Wapo wanaosema kipakwe mafuta, kiwekwe mahali pakavu na kisiguswe tena. Wapo wanaosema kisu ni cha kukata, kwa hiyo kisafishwe, kinolewe, kiingie mfukoni. Mimi niko na hawa wa pili, ila kwa masharti ambayo wengi wao huyapuuza. Ndiyo maana naanza na watunzaji.

Hoja yao nzito ni kwamba chuma kilichoondoka hakirudi. Kwenye shina la bapa, karibu na kiungio, huwa kuna chapa ya mtengenezaji, herufi ndogo zisizo na kina. Chapa hiyo ndiyo inayotueleza kama kisu ni cha Sheffield, Uingereza, au cha Solingen, Ujerumani, na mara nyingine inasaidia kukadiria umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ilidai bidhaa za kigeni ziwe na jina la nchi zilikotoka, kwa hiyo kisu cha Sheffield chenye neno "England" kwa kawaida hakitangulii kipindi hicho. Gurudumu la kung'arishia linaifuta chapa hiyo kwa muda mfupi sana. Linalainisha pia michirizi iliyochongwa kwenye mfupa, ile inayokipa kiganja mahali pa kushika, na linaviringisha kingo ambazo fundi alizinyoosha kwa tupa. Kisu kinatoka kinang'aa, lakini hakina tena alama ya aliyekitengeneza wala ya aliyekitumia.

Mashine ina hatari nyingine isiyoonekana kwa urahisi. Visu vingi vya aina hii ni vya chuma cha kaboni. Chuma kisichoshika kutu kilikuja kuhusishwa na Harry Brearley, mtaalamu wa metali wa Sheffield, mwaka 1913, na hata baada ya hapo chuma cha kaboni kiliendelea kutumika. Ugumu wa chuma hicho unatokana na kuchomwa, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena taratibu kwenye joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi. Makali ni membamba, na yakigusa jiwe la mashine hupata moto upesi. Yakifika nyuzi 300 hivi hugeuka buluu, na sehemu hiyo imekwisha kulainika. Utainoa, itakata kidogo, itabutuka tena. Kwa hiyo watunzaji wanapomwogopa mtu mwenye mashine na haraka, hofu yao ni ya haki kabisa.

Lakini kuacha kisu kilivyo si sawa na kukihifadhi, na hapa ndipo ninapotengana nao. Kutu nyekundu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikikaa ndani ya kiungio, kati ya bapa na bamba za pembeni, inasukuma na kukaza, na unyevu unazidi kupata pa kujificha. Mafuta yaliyopakwa nje hayafiki huko. Kisu kinachofunguliwa, kinachofutwa baada ya kazi na kudondoshewa mafuta kwenye kiungio mara kwa mara kina nafasi nzuri zaidi ya kudumu kuliko kile kilichosahauliwa ndani ya kitambaa. Tena bapa linalokata matunda na nyama hujenga utando wa kijivu uliokoza. Utando huo umeshikamana na chuma na unapunguza kasi ya kutu nyekundu, ingawa hauizuii kabisa. Anayeusugua mpaka bapa liwe jeupe anaondoa kinga.

Basi swali lenye faida zaidi ni nini kiguswe na nini kiachwe. Naona kiguswe kile tu kinachofanya kazi: kiungio na makali. Kutu iliyolegea kwenye bapa itolewe kwa pamba laini ya chuma yenye mafuta, kwa mkono, bila kufika kwenye chapa. Vishimo vilivyokwisha kuliwa na kutu vibaki. Kuviondoa kunataka kulipunguza bapa zima, na vishimo vya ubavuni havizuii kisu kukata.

Mfupa ndio unaohitaji uangalifu zaidi, na ndio unaoumizwa na ushauri mwepesi. Watu huambiwa waloweke kisu kwenye siki ili kutu itoke. Kwa kisu cha chuma kitupu, sawa. Ila mfupa, karibu theluthi mbili za uzito wake ni madini ya kalsiamu na fosfeti, na asidi huyayeyusha hayo. Wengi wameliona jambo hili shuleni: mfupa wa kuku ukilowekwa kwenye siki siku kadhaa hupindika kama mpira. Mpini hautafikia hapo kwa usiku mmoja, lakini uso wake utachujuka na kulegea, hasa kuzunguka ribiti, vile vipini vya chuma vinavyoushikilia mpini. Dawa ya kung'arisha nguo nayo hushambulia kolajeni, ile protini inayoushika mfupa pamoja. Maji ya moto huupanua na kuukausha bila usawa, na nyufa huanzia palepale kwenye matundu ya ribiti. Kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, kinatosha. Kwa kiungio, mafuta ya cherehani ni mazuri kwa sababu hayagandi. Mafuta ya kupikia hugeuka ulimbo baada ya muda na kukusanya vumbi.

Kabla ya yote hayo, hakikisha ni mfupa kweli. Mfupa huonyesha vitone au vijistari vidogo vyeusi, njia za mishipa ya damu ya mnyama. Ukiona kwenye ncha ya mpini mistari inayopishana kama wavu, huenda ni pembe ya ndovu, na hapo kuna suala la sheria: ndovu wa Afrika aliingizwa mwaka 1989 kwenye orodha kali ya mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama walio hatarini. Kuuza kisu hicho au kuvuka nacho mpaka si jambo la kufanya bila kuuliza.

Kunoa nako kuna mtego wake. Ncha iliyovunjika hurudishwa kwa kupunguza mgongo wa bapa kuelekea chini. Ukipunguza upande wa makali, ncha mpya inapanda juu, na kisu kikifungwa itachungulia nje ya mpini na kukuchoma mfukoni. Kuna pia kijinundu chini ya bapa, karibu na shina, ambacho watu hukipiga tupa wakidhani ni kasoro. Kazi yake ni kuzuia makali yasigonge springi iliyo ndani ya mpini kisu kinapofungwa. Kikiondoka, utanoa leo na kila ukifunga utabutua.

Ipo hali ambayo mimi mwenyewe huhamia upande wa watunzaji. Kisu cha aina hii kwa kawaida hakina kufuli; bapa linashikiliwa wazi na nguvu ya springi peke yake. Safisha kiungio, tia mafuta, kisha fungua bapa na ulisukume kidogo mgongoni kwa kidole, vidole vingine vikiwa mbali na njia ya makali. Likirudi bila ukinzani, springi imechoka au ina ufa, na makali yatajifunga juu ya vidole vyako siku utakapokibana kwenye kitu kigumu. Kubadilisha springi maana yake ni kutoa ribiti, na mfupa mkavu mara nyingi hupasuka hapo. Kazi hiyo apewe fundi aliyezoea visu vya kukunja. Asipopatikana, kisu hicho kisitumike.