Mwaka 1740 Usifichwe

Shemeji yangu wa Dar es Salaam ni mtu wa kubishana, na namheshimu kwa hilo, kwa sababu habishi mikono mitupu. Majuzi alinitumia mchoro kwenye WhatsApp: mstari mmoja unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia, na chini yake maandishi, "Uingereza, 1695 hadi 1733". Akaongeza: "Haya shemeji, wewe unayekaa huko. Wakati huo kulikuwa na magari? Kulikuwa na viwanda? Mbona joto lilipanda?"

Nilikaa siku tatu bila kumjibu. Mchoro wake ni wa kweli, na sikutaka kumjibu kama wanavyojibu wengi wa upande wangu, sisi tunaosema joto la sasa linaletwa na binadamu, kwa kumwambia mtu aache kusambaza uongo.

Takwimu hizo zinatoka kwenye rekodi ya joto la Uingereza ya kati, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote duniani kwa vipimo vya themomita. Inaanza mwaka 1659. Inahusu eneo la pembetatu kati ya Lancashire, London na Bristol, na mimi naishi Coventry, ndani kabisa ya pembetatu hiyo. Aliyeijenga ni Gordon Manley, mwanajiografia aliyekusanya madaftari ya watu wa zamani waliokuwa na themomita na subira ya kuandika kila siku. Mwaka 1953 alichapisha wastani wa kuanzia 1698, na mwaka 1974 akaurudisha nyuma hadi 1659. Leo Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, inaiendeleza kwa vituo vya Rothamsted, Pershore na Stonyhurst.

Kazi ya Manley haikuwa nyepesi. Mimi mwenyewe nina themomita nje ya dirisha la jikoni. Mwanzoni niliitundika ukuta wa kusini, na siku moja ya Aprili ikasoma nyuzi joto 29 wakati majirani wamevaa masweta. Haikuwa inapima hewa, ilikuwa inapima jua na matofali. Nikaihamishia upande wa kaskazini, na mpaka leo kurasa za mwanzo za daftari langu haziwezi kulinganishwa na zinazofuata. Sasa fikiria madaftari ya miaka 300: huyu aliweka themomita kwenye chumba kisicho na moto, yule nje ya dirisha, mwingine alisoma asubuhi tu. Na mwaka 1752 Uingereza ilibadilisha kalenda, siku 11 za Septemba zikarukwa, kwa hiyo tarehe zote za nyuma zilibidi zipangwe upya. Kuna miaka ya mwanzoni mwa karne ya 18 ambayo vipimo vya Uingereza havikutosha, Manley akategemea vya Utrecht, Uholanzi. Ndiyo maana wastani wa mwezi wa miaka ile ya kwanza, kwa sehemu kubwa, umeandikwa kwa nyuzi nzima au nusu tu. Ni kuanzia mwishoni mwa 1722 ndipo unapata sehemu ya kumi ya nyuzi bila kukatika.

Nayasema haya kwa sababu mtu anayeitetea rekodi hii kama msahafu anaidhulumu. Ina sehemu dhaifu, na walioitunza wamezitaja wazi. Hata joto la miji linalokua limepunguzwa kwenye hesabu za tangu 1974, ili lami na majengo yasihesabiwe kama tabianchi.

Turudi kwa shemeji. Miaka ya 1690 ilikuwa ya baridi kali, wastani wa mwaka ukiwa kama nyuzi joto 8. Huko Scotland mazao yaliharibika mwaka baada ya mwaka na watu wakafa njaa. Kisha joto likapanda, na kufikia miaka ya 1730 wastani ulikuwa umeongezeka kwa zaidi ya nyuzi joto moja na nusu. Viwanda vya makaa ya mawe havikuhusika. Hapo shemeji ana haki yake, na nilimwandikia hivyo bila kuzungusha maneno.

Lakini nikamuuliza: aliyechora mstari huu kwa nini ameusimamisha 1733? Ukiusogeza miaka saba tu mbele, unakutana na 1740. Wastani wa mwaka ule ulishuka hadi nyuzi joto 6.8, na mpaka leo hakuna mwaka uliowahi kuwa na baridi kama huo katika rekodi nzima. Upepo wa mashariki, unaotoka bara lenye theluji, ulitawala majira ya baridi, badala ya ule wa Atlantiki unaoleta joto la bahari. Ng'ambo, Ireland, viazi viligandia ardhini na njaa ya 1740 na 1741 ikaua watu wengi sana. Joto lililopanda kwa miaka 40 liliporomoka ndani ya miezi.

Kwa hiyo mimi nataka 1733 ioneshwe, na 1740 ioneshwe, na 1816 pia, mwaka uliokosa majira ya joto baada ya mlima Tambora wa Indonesia kulipuka Aprili 1815. Eneo dogo kama hili, lililo ukingoni mwa bahari, linayumba kwa upepo na kwa volkano kuliko dunia nzima inavyoyumba. Wenzangu wengi wanaojali tabianchi wanaziogopa kurasa hizo, wanaanza mchoro wao mwaka 1900 ili mambo yawe mepesi. Naona wanakosea sana. Mtu akija kugundua mwenyewe kile ulichomficha, hatakusikiliza tena hata ukisema kweli.

Na rekodi nzima inasema nini? Kwamba mpandisho wa zamani ulirudi chini na huu wa sasa haujarudi. Kuanzia 1961 hadi 1990 wastani wa Uingereza ya kati ulikuwa nyuzi joto 9.5. Kuanzia 1991 hadi 2020 umepita 10. Mwaka 2022 ulikuwa wa kwanza kufika 11 tangu watu waanze kuandika, na safari hii si pembetatu hii peke yake: mabara na bahari vinapanda pamoja, na gesi ya kaboni ya magari na viwanda, inayonasa joto hewani, inapimika.

Watu hapa wanaikumbuka 2022 kwa tarehe 19 Julai, siku ambayo Coningsby, Lincolnshire, ilifika nyuzi joto 40.3. Naikumbuka mimi pia. Nyumba yangu ni ya matofali, imejazwa sufi ukutani na darini ili joto lisitoke, na kweli halikutoka. Usiku wanangu walilala sebuleni sakafuni, madirisha wazi, na vitambaa vilivyolowekwa maji kwenye vipaji vya nyuso. Feni zilikuwa zimekwisha madukani tangu wikendi. Ndugu waliopiga simu kutoka nyumbani walisema sisi tumezoea joto. Dar es Salaam kuna joto, lakini haina nyuzi 40, na nyumba zake zimejengwa ili upepo upite.

Hata hivyo si siku ile niliyompa shemeji kama ushahidi. Siku moja inaweza kuwa ya ajabu mwaka wowote. Nilimpa mwaka 2010. Alikuja kututembelea Desemba ya mwaka ule, akakwama uwanja wa ndege kwa sababu ya theluji, na tangu hapo kila nikitaja ongezeko la joto ananikumbusha koti alilonunua. Ilikuwa Desemba ya baridi kuliko zote tangu 1890. Wastani wa mwaka mzima wa 2010 ulikuwa nyuzi joto 8.8, na watu hapa waliuona mwaka mbaya, mabomba yakipasuka na wazee wakiogopa bili za gesi.

Nyuzi joto 8.8. Kwa mkulima wa miaka ya 1690 huo ungekuwa mwaka wa neema, juu ya wastani wake kwa zaidi ya nusu nyuzi. Baridi tunayoisimulia sisi ni joto kwake. Tumehamishwa polepole, mwaka baada ya mwaka, hadi tumesahau tulikotoka, na kama si yale madaftari nisingekuwa na njia ya kujua.

Shemeji alisoma, akanyamaza siku nzima. Kisha akauliza kama vituo vyetu vina madaftari ya namna hiyo. Nikamkumbusha kwamba baba yake alikuwa karani kwenye shamba la mkonge Tanga, na kwamba mashamba yale yalikuwa na kipimamvua, kikisomwa kila asubuhi. Akasema kuna sanduku la karatasi za mzee kwa dada yake Muheza, halijafunguliwa tangu msiba. Ataenda Jumamosi.