Kopo la saa nne usiku

Jijini Seoul tuisheni hufungwa saa nne usiku. Si hiari ya wenye nazo. Ni sheria ya jiji, na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Korea Kusini iliibariki. Basi saa nne ikigonga, wanafunzi wenye mabegi mazito humiminika barabarani kutoka kwenye hizo hagwon, kama wanavyoziita wenyewe, na wapo ambao hawaendi nyumbani. Wanaelekea vyumba vya kujisomea vya kulipia, vingine vikiwa wazi usiku kucha. Njiani kuna duka dogo lisilofungwa, na ndani ya duka kuna friji: enaji, yaani vinywaji vya kuongeza nguvu, kama Hot6 ya Kikorea, Monster na Red Bull, na maziwa ya kahawa ya nusu lita. Mara nyingi kuna na ofa, nunua moja upate ya pili bure.

Ubishi wote uko kwenye friji hiyo. Je, vinywaji hivi vinawaharibia vijana wa Korea afya ya akili, au vijana waliokwisha kulemewa ndio wanaovifuata? Si swali la mzaha katika nchi ambayo kwa zaidi ya miaka kumi kujiua kumekuwa sababu ya kwanza ya vifo vya vijana. Na takwimu hazikosekani. Tangu 2005 serikali huwaketisha wanafunzi wa sekondari mbele ya kompyuta kila mwaka, 60,000 hivi kutoka shule 800, wajaze bila kutaja jina dodoso kuhusu chakula, usingizi, sigara, huzuni, hata mawazo ya kujiua. Mwaka 2015, waliokunywa vinywaji vyenye kafeini nyingi mara tatu au zaidi kwa wiki walikuwa asilimia 3.3. Mwaka 2019 wakawa 12.2. Kufikia 2022 walishavuka 20.

Wanaokishtaki kinywaji wana ushahidi wa kutisha. Uchambuzi mmoja uliochapishwa 2016, kwa majibu ya vijana zaidi ya 68,000, ulionyesha ngazi inayopanda. Wanaokunywa enaji mara tano au zaidi kwa wiki walielekea zaidi kutoridhika na usingizi wao, zaidi ya hapo kulemewa na msongo, zaidi tena kuandamwa na huzuni, na uhusiano ulikuwa mkubwa kuliko yote kwa waliowahi kujaribu kujiua. Waliochanganya enaji na vyakula vya haraka hali yao ilikuwa mbaya zaidi.

Nao mwili unawaunga mkono. Kafeini hukaa mahali pa adenosini, ile kemikali inayouambia ubongo kwamba umechoka, na huchukua kama saa tano kupungua nusu. Tufanye hesabu ya usiku mmoja. Kiwango cha juu kinachopendekezwa Korea kwa watoto na vijana ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, yaani miligramu 125 kwa binti wa kilo 50. Kopo la Hot6 lina 60 hivi. Makopo mawili ya ofa yanamfikisha karibu kabisa na mpaka. Lakini iko chapa moja ya maziwa ya kahawa yenye katuni ya Snoopy, ambayo nusu lita yake ina miligramu 237. Akiinywa saa nne usiku, saa tisa bado anabeba karibu 120. Saa mbili asubuhi, mwalimu akiwa ubaoni, mwilini mwake kumebaki kafeini ya takribani Hot6 nzima, na bado anasinzia, kwa sababu amelala saa chache. Jioni inayofuata anarudi dukani. Katuni, lakini!

Hapo mtu angefunga jalada. Mimi nasita, na kinachonisitisha ni dodoso lenyewe. Kuhusu vinywaji, mwanafunzi anaulizwa amekunywa mara ngapi katika siku saba zilizopita. Kuhusu huzuni na kujiua, anaulizwa yaliyompata katika miezi 12 iliyopita. Kwa hiyo aliyeandamwa na huzuni mwezi wa pili anaweza kuhesabiwa kwa kopo alilokunywa mwezi wa saba. Ukisema kopo ndilo lililoleta huzuni, umelitanguliza tokeo mbele ya sababu yake. Utafiti wa namna hii hupiga picha moja tu. Unakuonyesha wawili wamesimama pamoja, haukuambii nani alimfuata mwenziwe.

Wenye kukitetea kinywaji (sisemi viwanda, hao wana maslahi yao) wanauliza kitu rahisi: mtoto gani anakunywa enaji mara tano kwa wiki? Ni yule asiyelala. Na kwa nini halali? Korea kuna msemo wa zamani wa wanafunzi, sadang-orak: ukilala kwa muda wa saa nne tu utafaulu, ukilala kwa saa tano utafeli. Sekondari ya juu, siku za shule, wanalala kwa muda wa saa sita hivi tu, wakati wataalamu wa usingizi wanataka saa nane hadi kumi kwa umri huo. Mwisho wa safari ni Suneung, mtihani wa Novemba wa kuingia chuo kikuu, unaoanza saa mbili na dakika arobaini asubuhi na kuisha jioni, ambao ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati wa jaribio la kusikiliza Kiingereza. Mtoto anayebeba uzito huo atatafuta cha kumkesha. Sisi tuliosoma bweni tulitia miguu kwenye beseni la maji baridi usiku wa kuamkia mitihani, na hakuna aliyefanya utafiti wa mabeseni.

Hata hivyo sikubali kwamba kopo halina kosa. Huzuni inaweza kumpeleka mtu kwenye kafeini, na kafeini ikamnyima usingizi, na kukosa usingizi kukazidisha huzuni. Mshale unaweza kwenda pande zote mbili usiku uleule. Wanaosema "tibuni mfumo wa elimu kwanza" wanasema kweli, ila mfumo huo umezishinda serikali kadhaa, na binti wa kilo 50 ana mtihani Jumatatu.

Serikali imechagua kuanza na kilicho rahisi. Tangu Septemba 2018 kahawa haiuzwi katika shule yoyote ya msingi wala sekondari, hata iliyokuwa ikiuzwa kwa ajili ya walimu. Makopo yenye miligramu 0.15 au zaidi kwa kila mililita lazima yaandikwe kuwa yana kafeini nyingi. Lakini rudi kwenye zile asilimia: unywaji haukushuka baada ya katazo. Usingeweza kushuka, maana duka liko ng'ambo ya geti. Lithuania ilikwenda mbali zaidi mwaka 2014, ikazuia kabisa kuwauzia enaji walio chini ya miaka 18, na Poland ikafuata Januari 2024. Korea ikitaka katazo liume, itabidi lifike kwenye friji ya saa nne usiku, hasa kwenye ile ofa ya kopo la pili bure.

Ningekubali hatua hiyo, kwa sababu ya usingizi, ambao kafeini inauvuruga bila shaka yoyote. Kwa sababu ya kujiua, bado. Na kabla ya mtu kunishawishi, ningeomba dodoso la mwaka ujao liongezewe maswali mawili baada ya lile la vinywaji: ulikunywa saa ngapi, na ulikuwa unakwenda wapi baada ya kunywa?