Nani aliamua jiwe la gamba: bahari au mnyama?

Chaza na tumbawe huweza kuishi kwenye mwamba mmoja, ndani ya maji yaleyale, na bado kila mmoja akajijenga kwa jiwe lake. Chaza hutumia zaidi kalsaiti, tumbawe hutumia aragonaiti. Yote mawili ni kalsiamu kabonati. Kinachotofautiana ni mpangilio wa atomi. Je, uchaguzi huo ni wa mnyama, au mababu zake walilazimishwa na maji ya zama zao?

Wanaoipa bahari uamuzi huanza na magnesiamu. Ioni zake (atomi zenye chaji ya umeme) hunasa kwenye fuwele ya kalsaiti na kuizuia kukua, lakini aragonaiti haiziingizi kwa urahisi. Mwaka 1998 wanasayansi Steven Stanley na Lawrence Hardie walionyesha jinsi uwiano wa magnesiamu kwa kalsiamu unavyoendana na historia ya wajenzi wakuu wa miamba ya bahari. Ukizidi 2, aragonaiti hutawala; ukishuka chini ya hapo, kalsaiti. Leo ni 5.2, na katika kipindi cha Kretasia, zama za mwisho za dinosauri, ulikaribia 1. Wengi hukosea hesabu hii: kilo moja ya maji ya bahari ina gramu 1.28 za magnesiamu na 0.41 za kalsiamu, kwa hiyo anayegawanya gramu hupata 3. Hesabu sahihi ni ya moli, yaani idadi ya atomi, si uzito wake.

Uwiano wenyewe hubadilishwa na sakafu ya bahari. Kwenye matuta ya volkano chini ya maji, miamba yenye joto hufyonza magnesiamu na kuachia kalsiamu. Sakafu ikipanuka kwa kasi, uwiano hushuka. Ndiyo maana chaki nyeupe za Ulaya, zilizotokana na magamba ya kalsaiti ya mwani mdogo mno, zilirundikana kwa wingi katika Kretasia.

Ushahidi unaonishawishi zaidi ni wa maabara. Mwaka 2006 mtafiti Justin Ries na wenzake walikuza matumbawe ya leo katika maji yaliyotengenezwa yafanane na ya Kretasia. Yalikua polepole, na sehemu ya kiunzi chao ikawa kalsaiti. Mwaka uliofuata kisukuku cha Coelosmilia, tumbawe la Kretasia, kilitangazwa kuwa na kiunzi cha kalsaiti tangu mwanzo.

Lakini matumbawe mengi ya zama hizohizo yalibaki na aragonaiti, na hapo nadharia inayumba. Matumbawe ya kale ya kundi la Rugosa nayo yaliendelea na kalsaiti hadi yakatoweka mwishoni mwa kipindi cha Pemi, miaka milioni 252 iliyopita, ingawa bahari ilikuwa imekwisha kugeuka ya aragonaiti. Mtafiti Wolfgang Kiessling na wenzake walidai mwaka 2008 kwamba maangamizi makubwa ya viumbe yalipanga upya mizani ya madini kuliko kemia ya maji. Joto nalo lina mkono: maji yenye uvuguvugu huipendelea aragonaiti hata uwiano ukiwa mdogo.

Visukuku vyenyewe pia hudanganya. Mvua ikipenya kwenye mawe ya matumbawe, kama yale yaliyojengea miji ya kale ya pwani yetu, huyeyusha aragonaiti na kuacha kalsaiti mahali pake. Asiyekagua muundo mdogo wa fuwele na kiasi cha strontiamu, elementi inayofanana na kalsiamu ambayo aragonaiti huishika zaidi, ataandika kalsaiti pale ambapo mnyama alijenga kwa aragonaiti.

Kwa maoni yangu, pande zote zinapima vitu viwili tofauti. Mtafiti Susannah Porter alionyesha mwaka 2007 kwamba makundi ya mwanzo yalipoanza kujenga kabonati, kwa kawaida yalichukua madini yaliyopendelewa na bahari ya wakati huo. Baadaye protini na chembe za mwili huulinda urithi huo: konokono na chaza hufanya hivyo vizuri, mwani na sponji kwa udhaifu zaidi. Basi anayetaka kuipima nguvu ya bahari asihesabu spishi zote kwa pamoja. Ahesabu kila ukoo mara moja tu, pale ulipopata gamba lake la kwanza, kisha atazame kando ni koo zipi zilizoongezeka au kupungua maji yalipobadilika.