Nilivyoidai "powersef" wodini

Mwezi wa saba, baridi ya Mbeya ikiwa kali, baba yangu mdogo alilazwa kwa nimonia. Daktari kijana akamwandikia antibayotiki mbili, ampisilini na jentamaisini. Nikahamaki. Ampisilini? Dawa za enzi za bibi? Nilitaka seftriaksoni, ile "powersef" ambayo Mwanjelwa nzima inaijua kwa jina.

"Kaka, hiyo siku hizi haiandikwi hivi hivi," alinijibu kwa upole. "Lazima bingwa aafiki."

Nilitoka pale nikinung'unika. Baba mdogo alipona kwa hizo hizo za enzi za bibi (najua, mgonjwa mmoja si ushahidi), na mimi nikaanza kusoma.

Kumbe Shirika la Afya Duniani lilizipanga antibayotiki katika mafungu matatu mwaka 2017: za kuanzia, za kuchungwa na za akiba. Seftriaksoni ni ya kuchungwa. Kila inapotumika, bakteria wanaoihimili ndio wanaobaki na kuzaana, na wengine wana vimeng'enya vya kuivunja dawa yenyewe. Wakishaenea wodini, daktari anabaki na meropenemu, antibayotiki kali zaidi, ambayo bei yake si ya mkulima wa viazi wa Uyole.

Kwa hiyo naunga mkono dawa kali ziombewe kibali. Ila kibali bila maabara ni nusu ya kazi. Damu ioteshwe maabara kabla ya dozi ya kwanza, ionekane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua, na siku ya pili au ya tatu majibu yakitoka mtu alifungue faili tena: dawa iendelee, ibadilishwe, au mgonjwa ahamie kwenye vidonge. Bila hivyo, bingwa naye anakisia tu, sema anakisia kwa cheo.

Halafu kuna sisi. Wagonjwa wengi hufika wodini wakiwa wameshameza antibayotiki za dukani, damu ikioteshwa haioti kitu. Maduka ya dawa muhimu yalianzia mkoani Ruvuma mwaka 2003, na antibayotiki hata kwenye maduka hayo zinataka cheti cha daktari. Mimi nimenunua mara ngapi amoksilini bila cheti, vidonge sita, basi?

Juzi nilipita duka la mtaani nikiwa na mafua, nikitafuta panadoli. Kabla sijasema, muuzaji alishafungua kopo la amoksilini. "Nikuhesabie vingapi?"