Mapazia Meusi Kwenye Banda la Njiwa

Wiki tatu zilizopita, mara tu baada ya sala ya alasiri, mtoto wa jirani yangu alinishika mkono mlangoni mwa msikiti akaniambia, "Ami, twende ukalione banda kwanza, maneno baadaye." Nilimfuata hadi nyuma ya nyumba yao hapa Kisauni, Mombasa, nikaonyeshwa kitu ambacho kwa mbali nilidhani ni kibanda cha kuuzia maji: mabati mapya pande zote nne, mabati juu, rangi ya samawati iliyopakwa kwa uangalifu, madirisha mawili ya vioo visivyofunguka na, juu ya kila dirisha, pazia jeusi lililokunjwa vizuri. Ndani mlikuwa na njiwa 40 wa mbio, wale wanaoachiliwa mbali wakashindana kurudi kwao, wote wamefungua midomo, koo zikiwapwita, mabawa wameyaachanisha na mwili ili wapate ubaridi usiokuwepo. Ulikuwa mwanzo wa mwezi wa Machi, na kila aishiye pwani anajua Machi ni nini. Nilikaa humo dakika tatu nikatoka shati limenigandia mgongoni, na kwa kuwa kijana alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayesubiri kusifiwa, nilimwambia kwamba rangi ni nzuri.

Rangi ni nzuri kweli. Mengine nilinyamaza, na ukimya ule umenikera zaidi ya banda lenyewe, kwa sababu nimefuga njiwa kwa zaidi ya miaka 20 na ningeweza kumwokolea kijana yule fedha na ndege kwa sentensi mbili tu. Basi leo nayaandika yale niliyopaswa kuyasema pale pale, yeye ayasome, na wayasome pia wote ambao sasa hivi wana picha ya banda la Ulaya kwenye simu na fundi anayesubiri malipo ya awali.

Ramani ya banda lile ilitoka Ubelgiji, kwenye picha. Hapo nakiri, shingo upande, kwamba anayetaka kujifunza njiwa wa mbio hajakosea kuitazama nchi hiyo. Mwaka 2019 njiwa dume wa Kibelgiji aitwaye Armando aliuzwa kwa mnada kwa takriban euro milioni 1.25, na mwaka uliofuata jike aitwaye New Kim, naye wa huko huko, akapita bei hiyo na kufika euro milioni 1.6. Watu wanaozalisha ndege wa namna hiyo hawahitaji mimi niwafundishe kupigilia misumari. Lakini banda lao limejengwa kuwajibu maadui wao, yaani baridi, ukungu na unyevu wa miezi mingi, na hata hivyo mabanda yao mengi ya zamani yameezekwa kwa vigae ambavyo hewa hupenya katikati yake, hivyo joto la ndege na vumbi lao hupanda na kutoka kupitia paa lenyewe. Kijana wetu aliiga vioo akaacha vigae. Alichukua kile kinachozuia hewa, akakiacha kile kinachoitoa.

Na yale mapazia! Nilimwuliza ni ya nini, akanieleza kwa fahari kwamba wataalamu wa Ulaya huwatia makinda gizani kwa saa kadhaa kila siku. Ni kweli, huwatia. Kule mchana wa kiangazi hupita saa 16 na ule wa majira ya baridi ni kama saa 8 tu, na mwili wa njiwa husoma kalenda yake kwa urefu wa mchana; kwa hiyo wafugaji huufupisha mchana huo kwa mapazia ili makinda wachelewe kuangusha manyoya na waingie mashindanoni na bawa zima. Sisi tuko nyuzi nne kusini mwa ikweta, ambako tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka haitimii hata saa moja. Pazia jeusi Kisauni halina mchana mrefu wa kiangazi wa kuufupisha. Linamwongezea joto tu, na linamdanganya mwenye banda kwamba amekuwa mtaalamu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ndilo lote: upepo. Wazee wetu walijenga nyumba, walipanga safari na walianika samaki kwa kuuliza kwanza kama ni kaskazi au ni kusi, nasi tunajenga nyumba ya ndege, kiumbe anayeishi kwa upepo, bila kuuliza lolote. Kaskazi inatujia kutoka kaskazini-mashariki katika miezi ya joto, kuanzia Disemba hadi Machi, ikiwa kavu na ya upole. Kusi inaingia Aprili pamoja na masika, inasukuma mvua ya kulala kutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, na inaendelea kuvuma kwa nguvu hata mvua zikishapungua. Ukishayajua hayo mawili, banda linakaribia kujichora lenyewe. Uso wake utazame kaskazini-mashariki na uwe wazi, wavu mtupu au mbao nyembamba zilizoachanishwa, ili kaskazi iingie na jua la asubuhi likaushe sakafu. Mgongo wake uelekee kusi na uwe ubao mzima tangu chini hadi usawa wa kichwa cha mtu, lakini juu kabisa, chini ya paa, uachwe mwanya wa kiganja kimoja katika urefu wote, na paa lishuke mbele ya mwanya huo kiasi cha mvua ya kulala kutofika. Upande wa magharibi, ambako jua la saa tisa hugeuka moto, usiwe na hata tundu la kuchungulia. Ukiweza, utie kivuli cha makuti nje yake.

Mwanya ule wa juu ndio roho ya banda. Hewa ya joto hupanda, nayo ikipanda ikakuta bati lililobanwa hadi ukingoni hurudi chini pamoja na mvuke wa kinyesi na unga wa manyoya, na njiwa huuvuta unga huo usiku kucha. Ikikuta mwanya hutoka, na hewa mpya huvutwa kutoka mbele polepole, bila kuwapiga ndege moja kwa moja pale walipolala. Wengi huogopa upepo, wakasema njiwa wataugua mafua. Njiwa anayelala katika hewa inayotembea taratibu haugui kwa sababu hiyo. Anayeugua ni yule anayelala katika hewa ya jana.

Wala si njiwa peke yake. Mzee aliyenifundisha ufugaji huu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na banda lililojengwa kwenye baraza iliyozibwa, akikaa humo kila jioni kuwasikiliza madume wakiguruma. Alianza kukohoa, akapungua, akipanda ngazi anasimama mara mbili. Tulidhani ni kifua kikuu, na akapimwa mara kadhaa, hadi daktari mmoja alipomwuliza kama anafuga ndege. Unga wa manyoya na kinyesi kikavu ulikuwa umeyakera mapafu yake kwa miaka mingi hadi yakawa hayana tena ustahimilivu. Ugonjwa huo una jina katika vitabu vya tiba, na huitwa kwa jina la sisi wafugaji. Aliambiwa aachane na njiwa, naye hakuachana nao. Kila ninapoona banda lililozibwa hukisikia kikohozi chake, na ndiyo maana hasira yangu juu ya mabati pengine imepita kiasi.

La pili ni hesabu, ambayo haichukui muda mrefu ila watu huikimbia. Jike hutaga mayai mawili, yakalaliwa kwa zamu na wazazi wote wawili kwa siku kama 18, na makinda hutengwa na wazazi wakiwa na siku kama 28. Kabla hawajatengwa, jike mara nyingi ameshataga tena, na ndiyo maana kila jozi yahitaji kisanduku chenye nafasi ya viota viwili. Mimi hutumia visanduku vya sentimita 80 kwa upana, 40 kwa kimo na 40 kwa kina. Jozi 10 zikilea mara nne tu kwa mwaka, na katika hali yetu ya hewa ukiziachia zitalea zaidi, zitakupa makinda 80. Wewe umejengea wangapi? Banda lolote huonekana kubwa siku ya kwanza. Chora mahali pa ndege utakaokuwa nao baada ya mwaka, kisha nunua robo yao. Kijana wetu alinunua 40 kwanza ndipo akatafuta mahali pa kuwaweka, kama mtu aliyewaalika wageni wa harusi kabla ya kuposa.

Humo ndimo alimopotezea fedha zake. Banda la kuzalisha na banda la mbio ni vyumba viwili, hata kama vimo chini ya paa moja. Njiwa wa mbio aliyenunuliwa akiwa mtu mzima ana kwao tayari, na kwao si kwako. Huyo ni mzazi. Hukaa ndani maisha yake yote, apewe kizimba cha wavu mbele ili apate jua na kuoga, wala mlango usifunguliwe kamwe. Watakaokuwa wako ni watoto wake, wale walioanza kulitambua paa lako kabla mabawa hayajakomaa. Chumba kimoja chenye mlango mmoja hakikumpa kijana nafasi ya kuyatenganisha hayo, naye baada ya siku kumi aliwafungulia wote. Jioni walirudi 19. Wengine 21 aliwakuta siku ya pili kwa mtu aliyemwuzia, upande wa pili wa kisiwa, wamekaa juu ya paa lao la zamani wakijisafisha, na mwuzaji, kwa adabu zote, akajitolea kumwuzia tena kwa bei ya punguzo. Sijapata kuona bidhaa nyingine inayomrudia mwenye duka kwa miguu yake, sembuse kwa mabawa.

Kuhusu mahali pa kutua, niseme hili kwa wanaodhani mbio huisha angani. Mshindi hupatikana kwa kugawanya umbali wa banda lake kutoka pale ndege walipoachiliwa kwa muda uliotumika, ikatoka mita kwa dakika, na muda husimama pale njiwa anapoingia ndani, si anapoonekana. Kutoka Voi hadi hapa ni kama kilomita 140 kwa njia ya hewani. Njiwa akizikata kwa mita 1,200 kwa dakika, anafika katika dakika 117 hivi. Akikaa juu ya mwembe dakika tano akitafakari, mwendo wake unashuka hadi mita 1,150, na aliyekuwa nyuma yake anamkuta anatafakari. Mimi nina mwembe huo. Niliupanda mwenyewe, mita nne kutoka kwenye ubao wa kutulia, enzi ambazo nilipanga kivuli na sikupanga mbio, na kila msimu nachukua shoka, kisha naziangalia embe, kisha nalirudisha shoka.

Atatokea wa kuniambia kwamba banda lililozibwa humzuia kunguru. Humzuia, sikatai. Ndege huyu aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka, akazila, kisha akahamia kwenye mayai na makinda ya kila aliye na mabawa kutoka huko hadi kwetu. Mwaka 2024 ilitangazwa kwamba kunguru milioni moja wangeangamizwa nchini kufikia mwisho wa mwaka, ila wa kwenye mwembe wangu inaonekana hawakupata tangazo. Lakini wavu wa matundu madogo humzuia vile vile, na hewa ikapita. Panya huzuiwa kwa kuliinua banda juu ya nguzo na kuzivalisha nguzo hizo kofia za bati, na hapo ndipo bati lina kazi. Kuku wasiwekwe chini ya banda, kwa kuwa kirusi kinachowapinda njiwa shingo ni ndugu wa kideri. Na dari isipite kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, au utatumia miaka yako ukiwakimbiza ndege wako mwenyewe.

Kabla ya kuandika haya nilikwenda kwa kijana nikamwambia yote, pamoja na msamaha wa kuchelewa kuyasema. Alinisikiliza kimya, akauliza swali moja tu, kama rangi ingebaki. Masika yanakuja, kwa hiyo nilimshauri aanze na uso wa banda kabla kusi haijaingia, na mwanya wa nyuma aungojee fundi. Jana jioni nilipita. Mabati mawili ya upande wa kaskazini-mashariki yalikuwa yameng'olewa na wavu umewambwa mahali pake, na wale njiwa 19 walikuwa wamejipanga wote upande huo, vichwa vimeelekea nje, midomo imefungwa. Yale mapazia meusi yalikuwa yametandikwa sakafuni, yakipokea kinyesi.